X ya Msimbazi na X ya Texas

Mpwa wangu alikulia Magomeni, Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka bonde la Mto Msimbazi. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 aliziona nyumba za mabondeni zikipakwa herufi X kwa rangi nyekundu, na baada ya X likaja tingatinga. Siku hizi anaishi Texas, kusini kidogo ya Houston, katika nyumba aliyoinunua kwa mkopo wa benki wa miaka 30. Asubuhi moja aliniletea ujumbe: "Shikamoo mjomba. Huku wametoa ramani mpya ya mafuriko. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara kapewa X, mimi nimepewa AE. Nikaanza kumwonea huruma, kumbe wa kuhurumiwa ni mimi."

Kwenye ramani za mafuriko za Marekani, X ni eneo lililo nje ya ukanda wa hatari kubwa. Herufi A na ndugu zake, AE akiwemo, ndizo za hatari. V ni ya pwani, ambako maji huja na mawimbi yenye nguvu. Herufi ileile iliyomaanisha "bomoa" Msimbazi, kule inamaanisha "kaa". Nilimjibu marahaba, nikamwambia anitumie karatasi zote.

Alituma picha ya barua ya benki, kurasa mbili. Aliomba niigeuze kwa Kiswahili kwa sababu mumewe ni mtu wa Bukavu, Kiingereza chake ni cha kazini tu, na deni la nyumba wanalibeba wote wawili. Uhariri na tafsiri ndiyo kazi yangu. Nilidhani ningemaliza kabla ya chai ya saa nne. Nilikaa nayo siku tatu. Sarufi haikunisumbua hata kidogo. Kilichonichelewesha ni maneno machache ambayo mtu akiyapata kombo anaweza kulala kila usiku akidhani amelindwa, na hajalindwa.

Nianze na neno nililolidharau: bima. Lilikuja pwani kwetu na wafanyabiashara wa Kihindi, na hadi leo Kihindi, Kiurdu na Kigujarati vinalitumia kwa maana hiyohiyo. Mzizi wake uko Uajemi, ambako bim ni hofu. Kwa hiyo mtu akisema "nina bima", neno lenyewe linakumbuka kwamba kuna jambo analiogopa. Na biashara nzima imo humo: wengi wenye hofu moja wanachangia chungu kimoja, na yule ambaye hofu yake imetimia ndiye anayepakuliwa.

Mtaani kwetu bima tunayoifahamu zaidi ni ya afya na ya gari. Ya gari tumeipa majina mazuri: bima ndogo, inayomhusu yule utakayemgonga, na bima kubwa, inayokuhusu na wewe. Basi Mtanzania akisikia nyumba ina bima, huidhania ni bima kubwa ya nyumba, inayofunika kila balaa. Mpwa wangu alikuwa na dhana hiyo. Tangu alipokabidhiwa funguo alikuwa analipia bima ya nyumba, na hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja. Lakini bima ya kawaida ya nyumba kule Marekani haigusi mafuriko. Mafuriko yana bima yake peke yake, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa chini ya Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko, unaosimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Juu kabisa ya tafsiri yangu nikaandika: "Bima yenu ya nyumba si bima ya mafuriko." Sentensi hiyo haikuwamo kwenye barua. Mwandishi wake alidhani kila mtu anajua.

Neno la pili ni mafuriko lenyewe. Kitenzi chake ni furika: chungu hufurika, kisima hufurika, uwanja wa mpira hufurika watu. Kitu kimejaa hadi kikapita ukingo wake. Neno hili lina dada wa Kiarabu, gharika, ambaye tumemwachia Nabii Nuhu. Na lina kauli ya kila siku ambayo haimo kwenye orodha yoyote ya istilahi. Anayeamka usiku akakuta ndala zinaelea uvunguni mwa kitanda hapigi kelele za mafuriko. Husema, "Maji yamejaa ndani!"

Kwa mkataba wa bima ya Marekani, tofauti ya kauli hizo mbili ni fedha. Mkataba unaeleza mafuriko kuwa ni maji au tope kufunika kwa muda ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu, eneo la ekari mbili au zaidi, au mali mbili au zaidi, mojawapo ikiwa ya kwako. Paa likivuja au bomba likipasuka jikoni, maji yamejaa lakini hayajafurika, na bima hii haikujui. Nilipofika kwenye "ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu" nikacheka peke yangu. Nilikumbuka Jangwani. Hapo ndipo panapotajwa kwanza kila masika yakizidi: Barabara ya Morogoro inafungwa, kituo cha mabasi ya mwendokasi kinaogelea, na jina la mahali penyewe ni "kwenye jangwa". Labda aliyepapa jina alipita kiangazi.

Tena kuna mahali ambapo mafuriko hayakuwa msiba. Kwenye bonde la Rufiji wakulima waliyangojea, kwa kuwa yaliacha tope lenye rutuba. Maji yakipungua walipanda kwenye unyevu uliobaki, kilimo walichokiita mlau. Mtu alikaa juu ya dungu, kibanda cha miguu mirefu, maji yakapita chini yake na asubuhi ikafika. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yalilikumba bonde hilo, na serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa sehemu za mwinuko. Mwaka huohuo wa 1968 Marekani ilitunga sheria iliyoanzisha bima yake ya mafuriko. Huku mtu alihamishwa, kule aliandikiwa mkataba.

Lugha nazo zikafuata njia hizo. Kiswahili cha mafuriko kina maneno tele ya kuhama na kupokea: mabondeni, waathirika, kuhamishwa, makazi ya muda, kifuta machozi. Maneno ya kujilipia mapema ni haba. Ndiyo maana kuigeuza barua ile kulikuwa kama kutafuta vipuri vya gari ambalo halijawahi kuuzwa Kariakoo.

Tuje kwenye ramani. Tunaidhania ni picha, kumbe asili yake ni safari. Kwa Kiajemi rah ni njia, na rahnama ni kitabu cha kuonyesha njia. Mabaharia wa Kiarabu wakakiita rahmani, daftari la nahodha lenye nyota, pepo, bandari na miamba ya kuepuka. Kazi yake haikuwa kusema nani anamiliki nini. Ilimwambia nahodha: ukitoka hapa kwa upepo huu, jihadhari na kile. Leo neno lina maana nyingine ambayo kila fundi anaijua, yaani mchoro wa nyumba. "Ramani unayo?" ndilo swali lake la kwanza kabla hajataja bei. Na vijana wa Dar mambo yakiwaendea mrama husema ramani haisomi.

Barua ya mpwa wangu ilizikutanisha ramani hizo mbili, ya maji na ya nyumba, na hazikusoma. Nyumba iko palepale. Mto uko palepale. Kilichohama ni mstari, ambao zamani ulipita ng'ambo ya mfereji na sasa umepita katikati ya barabara, mpwa wangu huku na jirani kule. Nikahitaji kitenzi cha kusema kilichoipata ramani. Iliyorekebishwa? Tunarekebisha kilichoharibika au kilichokosewa, na mumewe aliposoma rasimu yangu ya kwanza aliuliza papo hapo, "Kwa hiyo walikosea. Watatulipa nini?" Iliyosasishwa? Hilo ni neno la simu na programu, na simu ikisasishwa hakuna anayedaiwa. Iliyohuishwa? Huisha ni kutia uhai, na ofisi zetu hulitumia kwa taarifa na madaftari. Lina uzuri wake, kwa kuwa linaichukulia ardhi kama kitu kinachoishi, ila linanuka wino wa mhuri.

Nilipozitazama sababu ndipo kitenzi kilipojileta. Ramani hizi hubadilika kwa mambo kadhaa. Ndege hupita zikipima mwinuko wa ardhi kwa miale ya leza, kwa usahihi ambao wapima ardhi wa zamani hawakuwa nao. Mvua nazo zimehesabiwa tena: mwaka 2018 NOAA, shirika la Marekani la bahari na anga, lilitoa hesabu mpya za Texas, na katika eneo la Houston mvua ya saa 24 iliyokuwa ikihesabiwa kutokea kwa nafasi ya moja kwa mia ikapanda kutoka inchi 13 hadi inchi 18 hivi. Penye nyasi pamemwagwa lami na zege, maji hayana pa kunywewa. Na ardhi ya Houston yenyewe imedidimia kwa sababu ya miaka mingi ya kuvuta maji yaliyo chini yake. Sehemu ya mabadiliko hayo, basi, ni macho yaliyoona vizuri zaidi, na sehemu ni dunia iliyogeuka kweli. Nikaandika "ramani iliyopimwa upya". Pima halimtuhumu mtu wala halimsifu. Linataja kazi iliyofanyika, na mumewe hakuuliza tena habari ya kulipwa.

Dar es Salaam nayo imewahi kupimwa upya, kwa mtindo wake. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walizunguka mitaa kwa miguu, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro kwenye ramani ya wazi ya intaneti, wakawauliza wenyeji maji hufika wapi. Nalipenda jina hilo kuliko istilahi nyingi za kitaalamu. Huria limebeba haki: anayekaa na maji aione ramani ya maji. Tofauti ni kwamba ramani ile haikumletea mtu barua ya benki.

Sasa nifike kwenye maneno yaliyoninyima usingizi. Barua ilisema nyumba imo katika eneo la "mafuriko ya miaka mia". Neno kwa neno, tafsiri ni hiyo. Kamusi itaipitisha, na sikio litadanganyika. Mswahili akisikia miaka mia anasikia zamu: yamekuja, yameondoka, yatarudi vitukuu wakiwa na mvi. Mumewe, mtu makini asiyependa mzaha na fedha, alipiga hesabu hiyohiyo. "Kimbunga Harvey kilikuja 2017," alisema kwenye simu. "Basi tunao muda mpaka 2117."

Wataalamu wa maji hawakumaanisha zamu. Walimaanisha mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Nilimweleza hivi. Chukua kete mia za bao, moja ipake chokaa, zote zitie kwenye kibuyu. Kila mwaka ingiza mkono bila kuchungulia, toa moja, itazame, kisha irudishe. Elimu yote imo kwenye hilo la kuirudisha. Kibuyu hakikumbuki ulichotoa mwaka jana. Houston ilipata mafuriko makubwa Mei 2015, ikapata mengine Aprili 2016, ikaja Harvey Agosti 2017, na yote matatu yalitajwa kuwa ya miaka mia tano. Kama ni zamu, zamu gani hiyo?

Na ukiingiza mkono mara 30, ambayo ndiyo miaka ya mkopo wa nyumba, nafasi ya kuitoa kete yenye chokaa angalau mara moja ni asilimia 26, zaidi kidogo ya moja kwa nne. Hiyo ni kwa nyumba iliyo ukingoni kabisa mwa ukanda; zilizo ndani zaidi nafasi yao ni kubwa zaidi. Mwambie mtu nyumba yake imo kwenye mafuriko ya miaka mia, atashusha pumzi. Mwambie kuna nafasi moja kwa nne maji yaingie sebuleni kabla hajamaliza deni, atauliza bima ni shilingi ngapi. Hesabu ni ileile.

FEMA yenyewe siku hizi hupendelea kuyaita mafuriko yenye nafasi ya asilimia moja kwa mwaka. Kwenye tafsiri niliandika "mafuriko ya moja kwa mia kila mwaka", na yale ya miaka mia tano nikayaita "ya mbili kwa elfu kila mwaka". Ni maneno marefu, nakubali. Lakini "kila mwaka" ndiyo roho yake. Ukiliondoa ili kufupisha, umemrudishia msomaji zamu yake.

Herufi AE huandamana na namba: maji hayo ya moja kwa mia yanatarajiwa kufika juu kiasi gani. Rasimu ya kwanza niliiita kina. Mhariri mwenzangu akaipigia mstari mwekundu, akaandika pembeni: "Unazama au unasimama?" Alikuwa na haki. Kina hupimwa kwa kushuka, kutoka uso wa maji hadi chini. Kimo hupimwa kwa kupanda. Namba ya AE hupanda kutoka kiwango kimoja cha kurejelea, kilicho karibu na usawa wa bahari, na hulinganishwa na sakafu yako. Sakafu ikiwa juu yake ni habari moja, ikiwa chini yake ni habari nyingine. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Namba hii ni jaribio la kukutajia wingi huo ukiwa bado nchi kavu. Na kwa kuwa sisi hupima maji kwa mwili, magoti, kiuno, hadi yanapomfika mtu shingoni, niliitoa sakafu aliyonitajia kwenye kimo cha ramani, nikaandika pembeni: "Haya ni maji ya magoti, ukisimama sebuleni." Baadaye aliniambia kuwa katika tafsiri nzima, mumewe alirudi kuisoma sentensi hiyo tu.

Kuhusu neno la eneo lenyewe, nilisita kati ya kanda na ukanda. Kanda kwetu ni Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kaskazini, mambo ya mikoa na mikutano. Ukanda ni kitu chembamba kinachofuata kitu kingine, kama ukanda wa pwani unavyofuata bahari. Hatari ya mafuriko hufuata mto na mfereji. Ukanda ukashinda.

Nusu ya mwisho ya barua ilikuwa amri. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nyumba iliyo ndani ya ukanda wa hatari kubwa, yenye mkopo wa benki inayosimamiwa na serikali kuu au mkopo uliodhaminiwa na serikali hiyo, iwe na bima ya mafuriko. Mstari ulipovuka barabara, ulimvusha mpwa wangu kutoka hiari kwenda lazima. Benki ilimpa siku 45. Asipokata bima, benki itamkatia yenyewe na kumdai, na bima ya kukatiwa kwa kawaida huwa ghali kuliko ya kujichagulia.

Jirani wa X halazimiki. Anaruhusiwa kununua, na sababu anayo: wakati wa Harvey, nyumba nyingi zilizoingiwa na maji katika Kaunti ya Harris, ilipo Houston, zilikuwa nje ya ukanda wa moja kwa mia. Kwa hiyo pale mwanzo nilipoitafsiri X kuwa ni "kaa", niliipa uzito isiokuwa nao. X inasema "hulazimishwi". Kuhusu usalama haijaapa.

Na kuna jambo ambalo wengi hawajalizoea. Tangu Oktoba 2021 ule Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko una utaratibu mwingine wa bei. Hutazama nyumba yenyewe: iko mbali kiasi gani na maji, sakafu yake imeinuka kiasi gani, kuijenga upya kutagharimu kiasi gani. Herufi ya ukanda haipangi tena bei. Imebaki kupanga wajibu. Mwenye nyumba anayesoma ramani mpya kama orodha ya bei anasoma kitabu cha zamani. Wa X anaweza kuuliza bei akakuta inampa usingizi kwa fedha kidogo. Wa AE mwenye sakafu ya juu anaweza kukuta si mbaya kama alivyohofia. Wote wawili hawatajua mpaka waulize.

Hapa Kiswahili kilinipa zawadi, nayo ni kitenzi kata. Tunakata tiketi, tunakata shauri, tunakata bima, tunakata rufaa, tunakata tamaa. Mkataba unasikika kama ndugu yao, lakini si wa ukoo huo. Umetoka kwa Waarabu, kwenye kuandika. Anayeletewa ramani iliyopimwa upya ana mikato mitatu mbele yake.

Kuna kukata rufaa. Ramani ikiwa bado rasimu, hutolewa siku 90 za rufaa, na anayelalamika sharti alete ushahidi wa kitaalamu, maana "hapa sijawahi kuona maji" haihesabiwi. Ikishaanza kutumika, mwenye nyumba bado anaweza kupeleka vipimo vya mpima ardhi kuonyesha kwamba hata sehemu ya chini kabisa ya ardhi inayoigusa nyumba yake imefikia au imepita kimo cha maji, na akikubaliwa hupewa barua ya kumtoa kwenye ukanda.

Kuna kukata bima. Kwa kawaida bima mpya ya mafuriko huanza kufanya kazi baada ya siku 30, ili mtu asikimbilie kununua wingu likiwa limeshatanda. Lakini kwa aliyeingizwa ukandani na ramani mpya upo upole: akikata ndani ya miezi 13 tangu ramani ianze kutumika, anasubiri siku moja tu. Nililipigia mstari hilo mara mbili.

Na kuna kukata tamaa, ambako ni kuitia barua kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa.

Yalibaki maneno ya fedha. Malipo ya mwaka wengine huyaita mchango. Nilikataa, kwa sababu mchango ni wa harusi na msiba, mtu hutoa alichojaliwa. Nikachagua ada, ambayo kila mzazi anajua usipoilipa kwa wakati mtoto harudi darasani. Halafu kuna kile kiasi cha hasara ambacho mwenye nyumba hujibebea kabla kampuni haijaanza kulipa. Nimewahi kuona kikiitwa makato, lakini makato kwetu ni ya mshahara, na msomaji atadhani anaibiwa. Nikaandika "sehemu yako ya hasara". Ni Kiswahili cha mama muuza genge, na hakina wa kukikosea.

Kiwango cha juu cha bima hiyo kwa nyumba ya familia moja ni dola 250,000 kwa jengo, na dola 100,000 kwa vilivyomo. Kwa vilivyomo sikuhangaika kutafuta neno. Mswahili akihama anahamisha vyombo, na vyombo ni kuanzia kabati hadi mwiko. Ni neno linalokusanya kila kitu isipokuwa kuta. Nikamwonya: vyombo hukatiwa bima yake mbali na ya jengo. Benki inajali jengo, kwa kuwa ndilo dhamana yake. Godoro la mtoto halina wa kulitetea ila mwenye godoro.

Nilipomaliza, kurasa mbili zilikuwa zimezaa nne. Nikarudi kuifikiria ile X nyekundu. Bonde la Msimbazi sasa lina mradi mkubwa, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2022, na waliokuwa wakiishi humo wamekuwa wakilipwa fidia ili wapishe. Fidia ni neno la heshima. Waislamu wanalijua kwenye saumu: asiyeweza kufunga hulisha maskini badala yake. Ni kitu kinachotolewa mahali pa kilichoshindikana. Lakini fidia huja baadaye, na kiwango chake hukitaja mwingine. Bima huja kabla, na mwenye hofu ndiye anayeitaja hofu yake. Ramani inayojua fidia peke yake haina sentensi nyingine ya kumwambia mtu isipokuwa "ondoka". Benki zetu nazo zinakopesha watu nyumba, miji yetu nayo inachorewa ramani za maji. Siku ramani hizo zitakapoanza kuandika barua, tusiwe tunatafuta maneno maji yakiwa magotini.

Kwa hiyo namwomba kila mwandishi, mtangazaji na mtafsiri wa Kiswahili aiache "mafuriko ya miaka mia" ilale ilikolala. Sema moja kwa mia kila mwaka. Na wewe mwenye nyumba, uwe Houston au Mbagala, ukiambiwa ramani imepimwa upya usiulize kwanza umepewa herufi gani. Uliza maji yanatarajiwa kufika kimo gani, sakafu yako iko wapi, na karatasi uliyonayo inalipa nini yakifika.

Mpwa wangu alikata bima siku ya 38, ya jengo na ya vyombo. Jirani wa X bado anafikiri.